Kidonge cha jioni kiandikiwe siku ya kurudi

Ukitaka kujua ni watu wangapi katika nchi ya majani chai, kuanzia Londiani hadi Sotik, wanaomeza dawa za sonona, usiulize nani ana sonona. Hutapata jibu. Uliza nani humeza kidonge kidogo kabla ya kulala. Utamsikia mama ambaye nyayo zinamwaka moto tangu apatikane na sukari. Utamsikia mzee wa mgongo, mwenye kipandauso, na kijana aliyekosa usingizi tangu siku aliyoachishwa kazi. Wengi wao watakuwa wanameza amitriptilini, na amitriptilini ni dawa ya sonona. Imekuwa madukani tangu mwanzo wa miaka ya 1960, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu orodha ya kwanza ya 1977, na kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva. Ni dawa ya bei nafuu na inasaidia. Ila aliyeitoa mara nyingi hakuitaja kwa jina, wala hakusema imezwe hadi lini.

Maoni yetu ni mafupi. Dawa yoyote ya sonona inayotolewa Kericho au Bomet, iwe ni kwa ugonjwa gani, iandikwe jina katika kitabu cha mgonjwa, na kando ya jina iandikwe siku ya kurudi. Kurudi kuongezewa tembe hakutoshi. Arudi kuulizwa maswali. Mikono inatetemeka? Unasahau zaidi ya zamani? Umeanguka? Miguu inatulia ukiketi? Maswali hayo hayachukui dakika tano na hayahitaji mashine yoyote ya kutoka ng'ambo.

Na kabla hatujaenda mbali: kama wewe ni mmoja wa wanaomeza tembe hizi, usiziache leo kwa sababu umesoma ukurasa huu. Sababu ya onyo hilo tutaifikia, na ndiyo sehemu nzito ya maneno yetu.

Tuanze na mikono, maana huku mikono ndiyo mshahara. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili ikienda kwa pamoja, kikapu mgongoni, umande wa asubuhi hadi viunoni. Vidole kutetemeka ni mojawapo ya madhara yanayojulikana sana ya dawa hizi, amitriptilini na vilevile zile zilizokuja baadaye kama fluoksetini na sertralini. Kwa kawaida mtetemeko ni mwepesi, unaonekana mtu akinyoosha mikono au akishika kikombe. Karani wa ofisini anaweza kuishi nao miaka bila mtu kumshuku. Mchumaji hana nafasi hiyo. Kilo zinapungua, msimamizi anauliza, naye mwenyewe anadhani ni uzee au ni njaa. Basi anaongeza strungi ili apate nguvu, na chai kali nayo huzidisha mtetemeko. Ndiyo, tumelisema hilo, na tumelisema tukiwa Kericho.

Hata hivyo si kila mkono unaotetemeka umetetemeshwa na kidonge. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mikono hutetemeka. Mlevi akiacha chang'aa ghafla hutetemeka. Sukari ikishuka, vivyo hivyo. Halafu kuna mashine za kuchuma, zile ambazo waandamanaji walizichoma moto mashambani Mei 2023 na ambazo hazijaondoka. Chombo chochote kinachovuma mikononi kwa saa nyingi kila siku kinaweza kutia vidole ganzi bila mtu kumeza chochote. Mhudumu asiyejua mgonjwa anatumia dawa gani, na asiyejua mgonjwa anafanya kazi gani, atakisia tu. Mgonjwa naye atapewa tembe nyingine ya kutibu madhara ya tembe ya kwanza.

Miguu nayo ina habari yake. Baadhi ya wanaoanza fluoksetini na dawa za jamii yake hushikwa na hali ya kutotulia: mtu hawezi kukaa kanisani hadi mahubiri yaishe, anasimama, anatoka, anarudi, anatoka tena. Ndani yake anahisi kama anasukumwa. Nyumbani watasema ugonjwa umezidi. Hospitalini, kama hakuna aliyeuliza vizuri, nao wanaweza kusema ugonjwa umezidi na kuongeza dozi, kumbe dozi ndiyo inayomsukuma. Hali hii si ya kuchezewa, kwa sababu mtu aliyeshikwa nayo anaweza kufikia mawazo ya kujiua. Marekani iliamuru mwaka 2004 onyo liandikwe kwenye pakiti za dawa zote za sonona kuhusu mawazo hayo kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 ikapanua onyo hadi umri wa miaka 24. Wiki za kwanza ndizo za kuangalia. Kumpa kijana dawa ya miezi mitatu na kumwambia aje ikiisha ni kumwacha peke yake katika wiki hizo hizo.

Kuna wanaosaga meno usiku, na mwenye kujua ni mke au mume. Kuna wanaopata ganzi au michomo midomoni na vidoleni. Kuna pia jambo la chumbani ambalo watu wengi hawatalitamka mbele ya muuguzi aliye rika la mtoto wao: hamu ya unyumba kwisha, au mwili kukosa hisia. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza karatasi za maelezo ya dawa za jamii ya fluoksetini ziseme wazi kwamba kwa baadhi ya watu hali hiyo huendelea hata baada ya kuacha dawa. Karatasi hiyo haimfikii mgonjwa wetu. Kwetu tembe huhesabiwa kutoka kwenye kopo.

Sasa wazee. Hapa hatuna subira na mtu yeyote. Amitriptilini huzuia kemikali moja ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na ndiyo maana pia hukausha mdomo, hufunga choo na huzuia mkojo. Kijana atalalamika kiu. Gogo, yaani nyanya, wa miaka 78 anaweza kuamka usiku asijue mlango uko wapi. Madaktari wa wazee wa Marekani wameiweka kwa miaka mingi katika orodha ya dawa zinazofaa kuepukwa kwa walio na miaka 65 na zaidi, na mwongozo wa WHO kwa wahudumu wasio mabingwa wa akili, ule unaoitwa mhGAP, nao unasema wazee wasipewe ikiwezekana kuepukwa. Lakini ndiyo rahisi, ndiyo iliyopo, na gogo anataka kulala. Basi anapewa.

Je, huleta ugonjwa wa kusahau wa kudumu? Hapa tuseme kwa uangalifu, kwa sababu hofu nayo huua. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, wakiongozwa na Carol Coupland, walilinganisha rekodi za watu karibu 59,000 waliopatikana na ugonjwa wa kusahau na za wengine 225,000 wasio nao. Miongoni mwa waliotumia kwa wingi dawa za sonona zenye tabia hii ya amitriptilini, kiasi kinacholingana na zaidi ya miaka mitatu ya kumeza kila siku, uwezekano wa kuwa upande wa wagonjwa ulikuwa juu kwa takriban asilimia 29. Fluoksetini na sertralini, ambazo hazina tabia hiyo kwa nguvu, hazikuonyesha uhusiano kama huo. Utafiti wa namna hii hauwezi kusema dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Huenda ubongo ulioanza kuchoka ndio uliomletea mtu huzuni na kukosa usingizi, akapewa dawa kwa ajili hiyo. Lakini gogo anayechanganyikiwa usiku wa leo kwa sababu ya kidonge cha jioni hahitaji kusubiri wanasayansi wamalize ubishi. Kidonge kipunguzwe taratibu, aangaliwe kama anarudi.

Kuna na chumvi ya damu, habari ambayo hatuisikii ikitajwa. Dawa za jamii ya fluoksetini zinaweza kushusha sodiamu katika damu, hasa kwa wazee, hasa wiki za mwanzo, na hasa kwa anayetumia pia dawa ya presha ile ya kuongeza mkojo. Hesabu wazee wa presha katika kijiji chochote cha Bureti au Chepalungu, uone ni mchanganyiko wa kawaida kiasi gani. Sodiamu ikishuka mtu huanza kwa kichwa kuuma na kuchoka, akasinzia mchana, akayumba, akaanguka. Ikishuka sana huleta degedege. Jamaa watasema amepigwa na kiharusi, au atalazwa kwa nyonga iliyovunjika na hakuna atakayeuliza kilichomwangusha. Kipimo cha damu kinachoonyesha chumvi hizo ni cha kawaida katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Kiagizwe, hasa mzee anapoanza dawa hizi, na kila anapoanguka.

Nalo la mgongo. Kubeba kikapu miaka ishirini kuna bei yake, na siku hizi bei hiyo hulipwa kwa tramadoli. Tramadoli ikikutana na fluoksetini au amitriptilini inaweza kuleta degedege kwa mtu asiye na kifafa, na mara chache inaweza kuleta hali ya hatari ambapo kemikali ya mwili iitwayo serotonini imejaa kupita kiasi: jasho, joto la mwili, mtetemeko, misuli kukakamaa, mtu kuweweseka. Fikiria mtu huyo akiletwa zahanati usiku, katika nyanda ambazo wanasayansi wamechunguza milipuko yake ya malaria kwa miongo mingi. Joto, kutetemeka, kuweweseka: kila mtu chumbani ameshajua ni malaria. Kipimo kikisema si malaria, swali linalofuata liwe moja tu. Mgonjwa huyu anameza nini nyumbani? Aliyemleta afungue mkoba atoe kila tembe, na dawa za miti shamba pia, bila kugombezwa.

Tumefika kwenye onyo letu.

Mtu aliyemeza dawa ya sonona kwa miezi au miaka, akiiacha ghafla, anaweza kupata siku chache baadaye mambo ambayo hakuwahi kuyapata hata alipokuwa mgonjwa: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, machozi bila sababu, hasira, na lile ambalo waliolipitia hulieleza karibu kwa maneno yaleyale, shoti kama ya umeme inayopita kichwani hasa wakigeuza macho. Huu si uraibu kama wa chang'aa. Mtu hatamani tembe, haibi ili azinunue, wala haongezi dozi kutafuta raha. Ni ubongo uliokwisha kujipanga upya kuzunguka dawa, nayo imeondolewa kabla haujapata muda wa kujipanga tena. Ni wangapi hupatwa? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Ujerumani, wakiongozwa na Jonathan Henssler, ulikusanya tafiti 79. Baada ya kuondoa wale ambao wangelalamika hata kama wangekuwa wanaacha tembe bandia, ilibaki takriban mtu 1 kati ya 6 au 7. Waliopata hali kali walikuwa kama 1 kati ya 35. Wapinzani wao wanasema tafiti nyingi zilifuata watu waliotumia dawa kwa muda mfupi, na aliyetumia miaka mingi huwa na kazi ngumu zaidi kuacha. Tunaona wana hoja.

Sasa lete hilo huku kwetu. Nani anayeacha dawa kwa kupenda, kwa ratiba, akiwa na daktari kando? Wengi huachishwa. Huachishwa na nauli ya kutoka ndani ya shamba hadi mjini. Huachishwa na dirisha la dawa linalosema jaribu nje. Huachishwa na migomo: wa madaktari wa siku 100 ulioanza Desemba 2016, wa wauguzi wa takriban miezi mitano mwaka 2017, na wa madaktari tena, siku 56, mwaka 2024. Oktoba mwaka huohuo bima ya NHIF ikaondoka, SHA ikaingia, na watu wakasimama kwenye foleni wakiuliza kama majina yao yamo. Kila moja ya habari hizo iliandikwa kama habari ya siasa, ya mishahara au ya bajeti. Kwa anayemeza dawa ya sonona ilikuwa ni habari ya ubongo wake. Hata mvua ya mawe ya Kericho, ikifunga barabara ya udongo siku ya kliniki, ni habari ya ubongo wake.

Na anapopigwa shoti kichwani, nani anayemwambia ni nini? Yeye huamini ugonjwa umerudi, na umerudi vibaya kuliko zamani. Jirani huamini amerogwa. Mchungaji huomba. Miezi kadhaa baadaye akirudi hospitalini, mhudumu anasikia kizunguzungu, machozi na kukosa usingizi, anaandika kwamba sonona imerejea, na dawa inaanzishwa tena kana kwamba ni ya maisha. Kuna njia ya kutofautisha, nayo mhudumu yeyote anaweza kuijua. Shida ya kuacha dawa huja ndani ya siku chache, huja na kizunguzungu na shoti, na dawa ikirudishwa hutulia upesi. Sonona ikirudi huja polepole, kwa wiki na miezi, ikiwa na sura yake ileile ya zamani. Swali la kuuliza ni tarehe: uliacha kumeza lini, na haya yalianza lini?

Mwongozo wa mhGAP unataka mgonjwa wa sonona aliyepata nafuu aendelee na dawa miezi 9 hadi 12, kisha wazungumze kuhusu kuacha, na kuacha kwenyewe kufanywe kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki 4. Kwa aliyemeza miaka mingi, madaktari sasa wanazungumzia miezi, huku hatua za mwisho zikiwa ndogo kuliko za mwanzo. Fluoksetini ina huruma, kwa sababu hutoka mwilini polepole kwa wiki kadhaa na hivyo kujipunguza yenyewe. Paroksetini na venlafaksini hazina huruma hiyo. Akosaye dozi mbili tatu za hizo anaweza kuijua siku hiyohiyo.

Baada ya yote hayo msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi tembe hizi zitolewe. Zitolewe kwa sababu sonona nayo huharibu kumbukumbu, huharibu mikono na huua. Mwaka 2021 watafiti wa London walichapisha matokeo ya watu 478 waliokuwa wakitumia dawa za sonona kwa muda mrefu na wakijihisi tayari kuacha. Katika wiki 52, waliobadilishiwa polepole wakapewa tembe bandia waliugua tena kwa asilimia 56. Walioendelea na dawa waliugua asilimia 39. Nambari hizo zina pande mbili, nasi tunaomba zisomwe zote mbili. Dawa ilikinga watu kwa kweli. Na wengine 44 kati ya kila 100 walioacha hawakuugua tena mwaka mzima. Hao walikuwa wakimeza kitu ambacho mwaka huo hawakukihitaji. Hakuna ajuaye wewe ni wa kundi gani ila kwa kujaribu polepole ukiwa na mtu anayekuangalia.

Tuondoe na mkanganyiko mmoja unaowatia watu hofu ya bure. Wengi huku wamemwona jirani aliyetoka hospitali ya akili akitembea kama ubao, mate yakimtoka, ulimi ukicheza wenyewe. Wakiambiwa wao wana sonona wanasema hapana, sitaki dawa za kunifanya vile. Dawa zile kwa kawaida ni za jamii nyingine, kama haloperidoli na klopromazini, zinazotumiwa kwa wanaosikia sauti au waliopoteza uhusiano na mambo yalivyo. Madhara yake kwa misuli na mwendo ni makubwa zaidi na yanajulikana. Dawa za sonona huleta mambo kama hayo mara chache sana. Mhudumu anayesema tu "dawa ya akili" na kunyamaza ndiye anayeacha hofu hiyo iote mizizi.

Wala tembe si njia pekee. Katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Jirani hapa Kisumu watafiti wamekuwa wakilinganisha fluoksetini na tiba ya mazungumzo, zote zikitolewa na wahudumu wasio mabingwa. Kazi inafanywa Nyanza, saa chache kwa matatu. Bonde la Ufa Kusini lisijifanye halikusikia.

Serikali za kaunti hazina kisingizio cha sheria. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 hali hii itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022 yaliziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo, na yakampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, kwa hiyo polisi wamepumzishwa kazi ambayo haikuwa yao. Imebaki ya hospitali. Kamati za afya za mabunge ya Kericho na Bomet ziulize hospitali zao jambo moja kabla ya kupitisha bajeti: fluoksetini na amitriptilini zilikosekana siku ngapi mwaka uliopita? Dawa ya presha ikikosekana kuna kelele. Hii ikikosekana kuna kimya, maana wenye kuihitaji wanaona aibu kupiga kelele.

Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 wanaingia kila boma na kipimo cha presha na cha sukari. Waongezewe yale maswali ya mikono, miguu, kusahau na kuanguka. Hawatabadilisha dawa, hiyo si kazi yao. Watajua nani apelekwe zahanati kabla hajaanguka.

Mashamba makubwa nayo yana zahanati zao, na wachumaji wengi hawajui daktari mwingine. Katika miaka michache mashamba hayo yamebadilisha wenyewe kwa kasi: ya Unilever yakawa ya ekaterra, yakawa ya Lipton Teas and Infusions, kisha yakauzwa kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo ilikuwa imekwisha kuchukua na ya James Finlay. Mauzo ya kampuni ni mambo yao. Lakini mfanyakazi anayepunguzwa au kuhamishwa apewe barua ya dawa anazotumia, na dozi ya kutosha hadi afike kliniki nyingine. Kumnyang'anya mtu kazi, nyumba ya kambi na dawa ya sonona katika wiki moja ni kutafuta msiba.

Wenye maduka ya dawa tuwaambie bila kuzunguka. Dawa hizi ni za cheti. Anayemuuzia mteja tramadoli juu ya fluoksetini bila swali hata moja hawezi kusema hakujua, kwa maana kujua ndiyo kazi aliyopewa leseni kwa ajili yake.

Mwisho kuna fomu. Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa, pamoja na njia ya kuripoti kwa mtandao ambayo hata mwananchi anaweza kuitumia, na Kenya imo katika mpango wa WHO wa kufuatilia madhara hayo tangu 2010. Mtetemeko wa mchumaji wa Kapkatet ukiandikwa huko unaweza kuunganishwa na wa mchumaji wa Nandi na wa Kisii, na mtu Nairobi akaona mchoro ambao sisi huku hatuwezi kuuona. Fomu hiyo ina nafasi ya kuandika jina la dawa. Mgonjwa wetu anatoa mkobani bahasha ndogo ya kaki. Juu yake, kwa kalamu ya bluu, kumeandikwa 1x1, jioni, na hakuna kingine.